Macho ya Dunguni

Kitenzi "kuamia" kinaanza kupotea. Mwambie kijana wa mjini kwamba unakwenda kuamia, atasikia "kuhamia", naye atakuuliza unahamia wapi. Kuamia ni kukaa shambani tangu giza la alfajiri hadi jua linapotua, ukiwafukuza ndege wasile mpunga. Nimezaliwa Bonde la Kilombero, upande wa Ifakara, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyokabidhiwa maishani. Nilikuwa na miaka saba. Bibi alinipandisha dunguni, akaniwekea rundo la madongo miguuni, akanipa kombeo la katani na kuniambia nisifumbe macho mpaka atakapoleta uji.

Dungu letu lilikuwa nguzo nne za miti, jukwaa la fito na paa la nyasi, refu kuliko mtu mzima aliyeinua mkono. Kutoka hapo kamba zilitambaa kila upande juu ya majaruba, zimefungwa makopo yenye kokoto. Ukivuta moja, kona nzima ya shamba inapiga kelele. Baba mdogo alikuwa amenyoosha kanda za kaseti zilizoharibika kutoka mti hadi mti, na upepo ukipita zilivuma kama nyuki. Upande wa machweo ilisimama Milima ya Udzungwa kama ukuta. Ukigeuka, ng'ambo ya mto, viko vilima vya Mahenge. Kati yake ni tambarare, na mwezi wa nne tambarare hiyo yote ni maji, nyasi na mpunga, usijue mto umeishia wapi na shamba limeanzia wapi.

Nilitakiwa kufukuza. Lakini humfukuzi usiyemwona, na kutwa ni ndefu mno kwa mtoto. Nikaanza kutazama.

Sasa ni mtu mzima, nafundisha Morogoro mjini, na kila mwaka masika yakikolea naomba ruhusa ya siku chache, narudi bondeni na darubini shingoni. Nataka kuusifu ufundi huu wa kutazama ndege, na kuusifu kwa heshima ya walionifundisha: wanawake na watoto wa majaruba, ambao hakuna aliyewahi kuwaita wataalamu.

Bibi aliwagawa ndege kwa kazi zao. Palikuwa na ndege wa mpunga, ndege wa wadudu, ndege wa maji na ndege wa habari. Wa mpunga ndio wa kufukuzwa: minana, chiriku, na kweche wekundu wanaowaka juu ya matete kama makaa yaliyopepewa. Wa wadudu hawaguswi. "Mbayuwayu ni askari wangu," aliniambia. "Ukimrushia dongo, umenirushia mimi." Wa maji, akina yangeyange na kulasitara na korongo, waachwe na shughuli zao, ila ujue wamesimama wapi, kwa maana wanapokusanyika wengi ndipo samaki walipokwama maji yakipungua. Ndege wa habari alikuwa dudumizi. Akilia kwa ile sauti yake ya maji yanayomiminika kutoka chupa yenye shingo nyembamba, bibi aliinuka kuanua vilivyokuwa juani, hata mbingu ikiwa nyeupe. Mvua haikuja kila mara. Yeye alianua kila mara.

Darasa lake lilikuwa la masikio. Alikaa chini ya dungu, kivulini, akisuka ukili, na bila kuinua uso aliniuliza: "Nani huyo?" Nikitaja kwa kubahatisha alinyamaza, na kimya hicho kilinirudisha kwenye kusikiliza. Ni yeye aliyenifundisha kwamba kundi la minana likiwa linapita juu hupiga soga, na likitua hunyamaza ghafla. Kimya hicho ndicho hatari. Mdomo ulioingia katika suke hauna nafasi ya kulia. Mpunga ukiwa bado maziwa, ndege hata hahitaji kumeza punje: huibinya, hunyonya, huacha kapi tupu limekaa mahali pake, na mwenye shamba asiyejua hulisifu shamba lake mpaka siku ya kuvuna.

Kwa hiyo nilijua kutofautisha kimya na kimya kabla sijajua kusoma vizuri. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kukutana na watazamaji wa ndege wenye vifaa vya bei kubwa, nilishangaa kuona wengi wanaanza na macho. Jicho huona upande mmoja tu, na bondeni matete humficha ndege hatua tatu kutoka ulipo. Sikio halizuiwi na matete. Ninapofika shambani alfajiri, robo saa ya kwanza siinui darubini kabisa. Nasimama tu, nahesabu sauti: ya karibu, ya mbali, ya majini, ya angani. Zikishatulia kichwani, jua linapotoka najua pa kuelekeza uso.

Siku ambayo sitaisahau ilikuwa kivukoni. Wakati huo daraja halijajengwa, na mto ulivukwa kwa pantoni pale karibu na Ifakara. Nilikuwa na bibi, tumepeleka mchele sokoni, tunarudi. Ukingoni walikuwapo wageni wawili na miwani yao mirefu iliyosimama juu ya miguu mitatu, wameielekeza kwenye matete. Walikaa hivyo muda wote tuliosubiri pantoni irudi. Watu wakajaa. Abiria mmoja aliyejua lugha yao akawauliza, kisha akatugeukia na kutueleza kwamba wametoka nchi ya mbali kwa ajili ya ndege mmoja mdogo wa manjano. Bibi akatazama walikotazama, akayapitia matete kwa jicho moja, akasema, "Mnana."

Alikuwa mnana kweli, ila wa peke yake. Kwa sayansi anaitwa Ploceus burnieri, na ulimwengu wa wataalamu ulimtambua kwa kuchelewa sana: Neil Baker na Liz Baker, walioongoza kwa miaka mingi kazi ya kuchora ramani ya ndege wa Tanzania, walimtangaza rasmi mwaka 1990. Dume ni wa manjano, uso mweusi hadi kooni, na hujenga kiota chake katika matete yaliyosimama majini. Haishi popote pengine duniani. Si Rufiji ya chini, si Ruaha, wala ng'ambo ya milima. Makazi yake yote ni bonde hili na nyasi zake zinazofurika.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimewarushia madongo misimu mitatu. Sikujua niliyekuwa namrushia ni nani, na bibi naye, aliyejua sauti ya kila bawa, hakuwa na sababu ya kujua kwamba minana wa Dodoma ni wengine na wa kwetu ni wa kwetu tu, kwa kuwa hakuwahi kufika Dodoma. Kumjua ndege wa shamba lako ni elimu kamili. Kujua kwamba hayupo kwa jirani ni elimu nyingine, na hiyo huhitaji watu wengi waliokaa sehemu nyingi na kuandika. Pale kivukoni elimu hizo mbili zilisimama bega kwa bega zikitazama tete moja. Laiti wangeongea.

Tangu hapo nikaanza kuandika. Daftari la kwanza lilikuwa la hesabu, nusu yake tupu. Niliandika tarehe, mahali, hali ya hewa, na ndege. Jina nilipolijua niliandika jina. Nisipolijua nilichora. Mpaka leo nashikilia kanuni hiyo, nayo ndiyo nguzo ya ufundi wote: daftari kwanza, kitabu baadaye. Mtu akifungua kitabu kabla ya kuandika alichokiona, kitabu humlisha macho. Anaona picha yenye mstari juu ya jicho, na papo hapo anakumbuka mstari ambao hakuuona. Ndege huondoka, picha hubaki, na picha hushinda. Andika kwanza: mdomo ulikuwa mfupi mnene au mwembamba, miguu rangi gani, mkia aliutikisa kwenda juu au upande, alitembea au aliruka kwa miguu miwili, alikuwa peke yake au na wenzake. Mwendo wa ndege haudanganyi. Manyoya hubadilika kwa umri na msimu na mwanga, lakini mwendo ni kama mwendo wa jirani unayemtambua kwa mbali njiani kabla hujamwona sura.

Kuhusu darubini, wengi wanadhani ukubwa wa kukuza ndio ubora. Yangu imeandikwa 8x42. Nane ni mara inazokuza, 42 ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita, na katika bonde lenye ukungu wa alfajiri hicho cha pili ndicho kinachokupa mwanga. Inayokuza sana hutetemeka mkononi na kukuonyesha kijisehemu kidogo cha shamba. Ufundi wenyewe ni huu: ukimwona ndege, usiinamishe macho kutafuta darubini. Mkazie macho hapo hapo alipo, kisha ilete darubini usoni kana kwamba unavaa miwani. Atakuwa ndani yake. Inachukua siku kadhaa kulizoea jambo hili, na siku mkono utakapolielewa utahisi umepewa macho mapya. Jua liwe mgongoni. Nguo isiwe nyeupe. Usinyooshe kidole, kwa sababu ndege wa mashambani anaufahamu mkono ulionyooshwa: mara nyingi mwishoni mwake pana dongo.

Jambo gumu zaidi ni ndege wa kahawia. Kila anayeanza hupenda kweche dume, mwekundu na mweusi, anayejitutumua juu ya suke na kuvuma. Nani asimpende? Lakini rangi hiyo ni nguo ya msimu. Mvua zikiisha anaivua, anabaki kahawia yenye michirizi kama jike wake, na makundi ya kiangazi huwa ni ndege mia mbili wanaofanana kama punje za debe moja. Wengi hukata tamaa hapo. Mimi ndipo nilipoanza kuupenda ufundi huu kwa moyo wote, kwa kuwa kahawia hailetwi mbele ya mtu. Lazima uifuate. Unakaa tutani tangu saa moja asubuhi, maji ya jaruba yanakufika kwenye vifundo vya miguu, na saa nne unatambua kwamba yule wa kushoto ana nyusi za manjano hafifu kuliko wenzake. Hujafanya lolote kubwa. Umemtambua mmoja.

Na bonde limeshaonyesha nini kinaweza kufichwa na kahawia. Ndani ya nyasi za mafuriko hukaa ndege wadogo wa ukoo wa Cisticola, wenye uzito wa sarafu chache, wa rangi ya nyasi kavu, ambao mara nyingi hutenganishwa kwa sauti kuliko kwa manyoya. Watu waliokuja bondeni miaka ya 1980 walishuku kwamba wawili kati yao hawafanani na wowote waliokwisha kuandikwa. Shaka hiyo ilikaa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2021 ndipo walipotangazwa rasmi kuwa aina mpya, Cisticola bakerorum na Cisticola anderseni, wote wawili wa Kilombero. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha basi stendi, nikakumbuka sauti mbili ambazo bibi alikuwa akizisikia kutoka kwenye nyasi za ukingoni, akisema tu, "Hao hawali mpunga," na kuendelea na ukili wake.

Mwezi wa tatu na wa nne una utajiri mwingine ambao bibi aliujua nusu. Aliujua upande wa kuondoka. Kila mwaka, mpunga wa mwanzo ukianza kutunga, mbayuwayu walijipanga kwenye waya za simu kando ya reli ya TAZARA, na siku moja hawapo. "Wamekwenda kwao," alisema. Nilipomuuliza kwao ni wapi, alielekeza mkono kaskazini, juu ya Udzungwa, akaongeza kwamba huko lazima kuna baridi, kwa kuwa waliporudi walikuwa wamechakaa.

Walikuwa wamechakaa kweli, naye aliona sawasawa. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye koo la rangi ya kutu na uzito wa gramu 20 hivi, hufika Afrika na manyoya yaliyosuguliwa na safari ya maelfu ya kilomita na msimu wa kulea makinda. Hapa kwetu, na kusini zaidi hadi Afrika Kusini, huyang'oa manyoya ya mabawa na mkia, moja baada ya jingine kwa miezi, bila kuacha kuruka hata siku moja. Ya mwisho kurefuka ni zile nyuzi mbili za pembeni za mkia. Kwa hiyo mbayuwayu unayemwona Aprili juu ya majaruba ya Kilombero, mweusi wa buluu unaong'aa kama kitambaa kilichopigwa pasi, amevaa nguo iliyoshonwa Afrika. Manyoya yatakayompeleka hadi zizi la ng'ombe huko Poland au Uingereza yameota kwa inzi wetu na kumbikumbi wetu. Nikiwaza hivyo, sijui tena nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Kiguu-njia ndiye ninayemfurahia kuliko wote msimu huo, na jina lake limempata. Hutembea nyuma ya watu wanaopalilia, mkia ukitikisika juu chini, akiokota vidudu vinavyokurupuka. Kuanzia Novemba hadi Januari wale wa manjano kutoka kaskazini wana rangi iliyofifia, wote mamoja. Machi madume hubadilika, na vichwa vyao hugeuka kuwa kama bendera. Mwenye kichwa cha kijivu cha buluu na nyusi nyeupe atakwenda Ulaya ya kati. Mwenye kijivu iliyokolea, bila nyusi, atapanda hadi kaskazini mwa Sweden na Finland. Mwenye kichwa cha manjano tupu, mzuri kupita kiasi, kwao ni nyika za mto Volga na Kazakhstan. Nimewahi kuwaona wote watatu katika jaruba moja, nyuma ya shangazi yangu aliyekuwa ameinama akipalilia. Shangazi alinyooka, akashika kiuno, akaniuliza natabasamu nini. Nikamwambia una wageni watatu nyuma yako na kila mmoja ana safari yake. Akageuka, akawatazama kwa muda mrefu. "Huyu wa manjano," akasema, "kila mwaka hupitia tuta hili hili."

Sikuweza kumthibitishia kwamba ni yule yule. Lakini sikumbishia. Wanaowavisha ndege pete miguuni wamekuta mara nyingi ndege wa safari akirudi mahali pale pale alipokuwa mwaka uliopita, na shangazi ana miaka arobaini kwenye tuta lake.

Zamani huko Ulaya walibishana sana kuhusu wanakokwenda ndege wakati wa baridi. Wapo wasomi walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Mecklenburg, Ujerumani, alipigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni mwake, mkuki wa mti wa Afrika, urefu wake kama sentimita 80. Alikuwa amechomwa huku kwetu, akapona, akaruka nao mpaka huko. Mwili wake uliokaushwa uko mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kila ninapoisoma habari hiyo namfikiria yule aliyerusha mkuki. Naye pia alikuwa mtazamaji. Aliujua msimu wa korongo, akajua watatua wapi na watainuka saa ngapi. Swali lililowasumbua wasomi kule, yeye alikuwa amelijibu kwa upande wake wa dunia, na hakuna aliyemuuliza.

Sitaki kuandika kana kwamba ndege hawana hasara. Anayewasifu ndege bila kutaja njaa hajawahi kulima. Msimu mmoja, nikiwa darasa la sita, walikuja kwelea kwelea. Mmoja ana uzito kama wa mbayuwayu na hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku, si kitu. Lakini kundi la milioni mbili hula tani 20 kwa siku hiyo hiyo, na duniani kote wakubwa wao wanakadiriwa kufika bilioni moja na nusu. Walipita juu ya mto kama moshi unaojikunja, ncha moja ikigusa chini na nyingine ikiinuka. Makopo yetu yalikuwa kama hayapo. Shamba la jirani lilibaki majani kwa siku mbili, na nilimwona mtu mzima ameketi tutani amejishika kichwa.

Ndege ya kunyunyizia dawa ikaletwa. Ilipita jioni juu ya matete waliyolala kwelea, mara tatu, chini kabisa. Asubuhi tulikwenda kuangalia. Sumu inayotumika kwa kazi hiyo, fenthioni, haichagui, na anayekula aliyekufa hudhurika pia. Tuliwakuta kwelea chini kwa maelfu, na kati yao kipanga wawili, yangeyange, na mbayuwayu, kwa kuwa mbayuwayu nao hulala matete. Bibi aliokota mmoja, akamlaza kiganjani, akamnyoosha bawa.

"Na huyu," akauliza, "alikula nini cha mtu?"

Watu wazima waliokuwapo hawakumjibu. Wakati ule mpunga wetu ulikuwa umeokoka kwa sababu ya dawa ile ile, na tulikula wali mwaka mzima. Bado nayashika yote mawili. Najua kwamba Kondoa wanawatega kwelea kwa nyavu na kuwafanya kitoweo, na naamini njia kama hiyo, inayomchagua anayekula mpunga na kumwacha asiyekula, ina heshima zaidi. Lakini kuchagua kunahitaji mtu anayejua nani ni nani. Hapo ndipo ufundi wa kutazama unapoacha kuwa starehe ya mwenye nafasi. Mkulima asiyemtofautisha kwelea jike na mnana jike atawaua wote wawili, naye mnana wa kwetu hana pengine pa kukimbilia.

Tena matete yenyewe yanapungua. Bonde liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia, karibu kilomita za mraba 8,000, lakini majaruba yameendelea kusogea kuelekea maji, ng'ombe wameongezeka, na ukingoni mwa mto nyasi huchomwa kila kiangazi. Nawaelewa wanaosogea. Mimi mwenyewe nimelelewa na mpunga uliosogea. Kilombero hubeba zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yale yale yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, kwa hiyo taa inayowashwa Dar es Salaam imepitia kwenye mizizi ya tete alipojenga mnana. Ningependa watoto wa shule waambiwe hilo wakiwa wamesimama hapo hapo, miguu majini. Tena waambiwe kwa Kiswahili. Vitabu vizuri vya ndege wa Afrika Mashariki vipo, kimoja kimewapanga aina zaidi ya 1,300, lakini majina ni ya Kiingereza, na Kiswahili chetu kina neno moja "mnana" kwa ndege kadhaa ambao kila mmoja anastahili lake. Majina hayo hayatatungwa ofisini. Nadhani mengi yapo tayari, katika Kindamba, Kipogoro, Kibena na Kimbunga, midomoni mwa wanawake waliowahi kuamia, na kila mwaka tunawazika wachache.

Bibi yangu tumemzika. Aprili iliyopita shangazi ndiye aliyekuwa na shamba, amepanda mpunga wa Supa kwa ajili ya harufu yake na wa Saro kwa ajili ya gunia. Dungu ni jipya, mahali ni pale pale. Juu yake alikuwapo mtoto wa binamu yangu, miaka tisa, na kombeo la nailoni badala ya katani. Nilipanda nikakaa naye. Ukungu ulikuwa bado haujainuka na Udzungwa ilionekana kilele tu. Nilimuuliza, kama nilivyoulizwa, nani huyo analia. Akaniambia dudumizi. Na huyo? Akataja kweche. Na huyo mwembamba, wa kwenye nyasi za ukingoni? Akasikiliza, akatikisa kichwa.

Nilimvalisha darubini. Mkanda ulikuwa mrefu kwake, nikaufupisha kwa fundo. Nikamwelekeza kwenye matete ya mtoni, ambako dume la mnana lilikuwa linaning'inia kichwa chini kwenye kiota cha kijani ambacho hakijafungwa bado, likivuta ujani kwa mdomo, likiupitisha, likiurudisha. Mtoto alihangaika kidogo kumtafuta. Kisha pumzi yake ikasimama, nami nikajua amempata.

Kombeo lilikuwa limeanguka kwenye fito. Upande wa kulia, kundi la chiriku lilishuka juu ya mpunga wa maziwa na kunyamaza. Nililisikia. Nilipaswa kuvuta kamba, na mkono wangu ulikuwa juu yake.

"Ndege hao!" shangazi akapaza sauti kutoka jaruba la pili. "We mtoto! Ndege!"

"Nawaona," akajibu taratibu, bila kuishusha darubini. "Shangazi, nawaona."